Kupata si Kutambua

Wazee walituachia msemo: mtafutaji hachoki, akichoka keshapata. Waliousema walimfikiria mtu mwenye miguu na macho. Mwenye kutafuta mbuzi aliyepotea alipita kichaka hata kichaka, na alipomwona alihakikisha kwanza kwamba ni wake, ndipo akamfunga kamba. Kutafuta, kutambua na kutenda zilikuwa kazi za mtu mmoja. Siku hizi kazi hizo zimetenganishwa, nami nauliza: kukitokea dhara, lawama ni ya nani?

Nitatoa mfano wa kompyuta, kwani hapo jambo hili huonekana wazi. Wako watu waandikao skripti, yaani mfululizo wa amri ambazo kompyuta huzitekeleza yenyewe bila mtu kukaa mbele yake. Skripti nyingi huanza kwa kutafuta mafaili, na zana za kazi hiyo ni za siku nyingi. Programu ya grep, aliyoiandika Ken Thompson wa maabara za Bell huko Marekani, ilitokea katika mfumo wa Unix mwaka 1973; hiyo hupekua maneno yaliyomo ndani ya mafaili. Mwenzake, find, huzunguka folda moja hadi nyingine akikagua majina, tarehe na ukubwa. Locate hazunguki, bali husoma daftari lililoandaliwa mapema, na kwa hiyo aweza kukutajia faili lililokwisha kufutwa.

Tazama sasa hatari yake. Find ana amri ya kufuta, -delete. Ikiandikwa baada ya sharti, maana yake ni: faili likitimiza sharti hili, lifute. Ikitangulia sharti, find hufuta kwanza, na sharti hukuta hakuna tena cha kupimwa. Maneno ni yale yale. Yamebadilishana nafasi tu, na folda nzima imefagiwa.

Au chukua faili liitwalo "barua za mama". Majina yaliyopatikana yakipitishwa kwa xargs ili yafutwe, jina hilo hukatwa penye nafasi likawa majina matatu. Kama pana faili jingine liitwalo "mama" tu, litafutwa kwa jina la jirani yake. Dawa ipo: -print0 hutenganisha majina kwa alama isiyoweza kuwamo katika jina lolote la faili. Lakini asiyejua kwamba anaumwa hanywi dawa.

Mtetezi wa mashine atanijibu kwamba binadamu naye hukosea, tena zaidi. Ni kweli. Grep hupitia mafaili elfu kumi bila kuruka mstari, ilhali karani husinzia ifikapo saa nane mchana. Hata hivyo, karani aliyekosea faili la kwanza huenda akashtuka afikapo la pili. Skripti haishtuki, kosa lililo katika amri hurudiwa kwa kila faili kwa nguvu ile ile.

Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, niliandaliwa orodha ya wanachuo wa kurudishwa nyumbani kwa kutolipa ada. Desturi yangu ilikuwa kumwita kila mmoja ofisini kabla sijatia sahihi. Safari moja aliingia kijana mwenye stakabadhi mkononi: alikuwa amelipa yote, ila walikuwa wawili wenye jina moja. Aliyeandika orodha hakuwa mtu mbaya. Alitafuta jina, akalipata.

Kwa maoni yangu, lawama haimwendei find wala grep, kwani zana imeulizwa ikajibu. Inamwendea yule aliyefunga jibu na tendo kwa kamba moja, asiache nafasi ya jicho kupita katikati. Kwa hiyo wajibu wake ni huu: kwanza aiagize skripti ichapishe ilichokipata, aisome orodha hiyo, ndipo airuhusu kufuta. Orodha ikiwa ndefu mno kusomwa, na ayahamishie mafaili hayo kwenye folda ya kungojea, yakae humo mwezi mmoja au miwili, ili mwenye mali apate kudai. Na pale ambapo kila mstari wa orodha ni jina la mtu, urefu usiwe udhuru wa kutoisoma.