Uchungu Usiokumbukwa

Mtoto mchanga adungwapo sindano ya chanjo akalia, husemwa: "Mwacheni, atasahau." Neno hili hulisema muuguzi, hulisema mama, na pengine bibi aliyewasindikiza. Ndugu msomaji, je, uchungu usiokumbukwa haukuwa uchungu?

Lau kusahau kungeondoa haki, ingekuwa halali kumfinya mzee aliyepotewa na kumbukumbu, maana kesho hatajua. Hapana mwenye akili akubaliye hayo.

Tena huko kusahau kwenyewe kuna shaka. Hadi miaka ya 1980 matabibu wengi wa Ulaya na Marekani walidhani kitoto hakisikii maumivu kama mtu mzima, na wako waliopasuliwa kwa ganzi isiyotosha. Mwaka 1987 madaktari Anand na Hickey waliipinga dhana hiyo. Kisha mwaka 1997 Anna Taddio na wenzake, huko Kanada, wakatangaza jambo lituhusulo sisi tuwatahirio wana wetu: waliotahiriwa wachanga bila ya ganzi walionyesha maumivu makubwa zaidi walipochanjwa wakiwa na miezi 4 au 6, kuliko wasiotahiriwa. Ulimi haukuweza kusimulia, lakini mwili ulihifadhi.

Na tiba yake si ghali. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto apakatwe na mamake, anyonyeshwe wakati wa kudungwa au kabla yake kidogo, muuguzi asivute bomba kutazama damu, na chanjo iumayo zaidi iwe ya mwisho. Mambo haya hayajulikani kwa huruma peke yake. Muuguzi mwenye moyo laini, asipofunzwa, humlaza mtoto chali na kumbana miguu, akidhani anamharakishia faraja. Basi lawama si yake. Ni ya aliyemfundisha kudunga asimfundishe kutuliza.

Atasema, foleni ni ndefu. Ni kweli, nasi twaijua foleni hiyo. Lakini Mtume (s.a.w.) alikuwa akiifupisha sala asikiapo kilio cha mtoto, kwa kumwonea mamake huruma, sembuse foleni kurefuka dakika mbili?

Hapa kwetu Kenya mtoto hurudishwa kliniki akiwa na wiki 6, 10 na 14. Yuko mama ambaye kilio cha wiki ya 6 humtia hofu, na wiki ya 10 asionekane. Mwanawe hubaki na kinga nusu, na kifaduro kingalipo.