Kustahili na Kuhitaji, Je, Ni Kitu Kimoja?

Mwaka 2020 nilipiga laini ya unga wa msaada. Wapendwa, niseme ukweli: mshahara wangu ulikuwa bado unaingia, na nyumbani kulikuwa na unga wa wiki mbili. Lakini jina langu lilikuwa kwenye orodha na hakuna aliyeniuliza kitu. Nikabeba pakiti zangu nikaenda. Kwani si nilistahili?

Swali hilo limenirudia niliposoma vile Marekani ilivyowagawia wakulima pesa za korona.

Chukua Kaunti ya Pacific, jimbo la Washington. Ni mashambani, watu kama 23,000 tu. Kuna wanaolima tunda dogo jekundu liitwalo kranberi, na kwenye ghuba ya Willapa wanafuga chaza. Machi 2020 mikahawa ikafungwa. Sasa chaza hangoji mtu. Akikosa mnunuzi anaendelea kukua mpaka anapita saizi ile wateja wanapenda kula mbichi kwenye ganda lake, na mwenyewe amemtunza miaka miwili au mitatu. Hasara hiyo haikuwa ya kuigiza.

Serikali ikafungua mifuko zaidi ya mmoja. Mmoja ulikuwa wa dola milioni 300 kwa wavuvi na wafugaji wa viumbe wa majini, na uliuliza hasara: mapato yawe yameshuka zaidi ya asilimia 35 chini ya wastani wa miaka 5 iliyotangulia. Aliyeshuka kwa 34 hakuhesabiwa. Mwingine, wa wizara ya kilimo, awamu yake ya pili ilipotangazwa Septemba, haukumuuliza mfuga chaza wala mkulima wa kranberi amepoteza nini. Uliuliza 2019 aliuza kiasi gani. Dola 49,999 za kwanza zililipwa asilimia 10.6, kisha asilimia ikapungua kidogo kidogo hadi 8.8 kwa mauzo ya zaidi ya milioni. Piga hesabu. Aliyeuza dola 40,000 alipata 4,240. Aliyeuza milioni moja alipata karibu 94,000, hata kama biashara yake haikuyumba.

Mimi silaumu sana. Kukagua kila boma kungechukua miezi, na mkubwa naye ana vibarua wa kulipa. Ingawa yule anayefungua chaza kwa kisu siku nzima, 2019 hakuuza kitu ila nguvu zake, kwa hiyo fomu hiyo haikumhusu.

Kinachonisumbua ni huyu ambaye biashara haikuyumba. Hakudanganya. Alijaza ukweli mtupu, akalipwa kihalali. Kwa muda mrefu ningesema mambo yamekwisha hapo. Lakini fomu inajua mauzo tu. Kama nyumbani kuna unga, anayejua ni mwenye nyumba, na fomu ikikosa kumuuliza, swali linabaki naye.

Siku ile pakiti zilikuwa za kuhesabu, zilipoisha geti likafungwa. Jirani yangu alikuwa akiwafulia watu nguo, nao walikuwa wameacha kumwita kwa hofu ya korona. Jina lake halikuwa kwenye orodha. Alisimama nje ya geti akingoja kama kitabaki kitu. Nilimpita nikiwa nimebeba, tukasalimiana.

Mwaka jana nilimpelekea unga na mafuta. Akaniuliza, "Hii ni ya nini, na sina shida?" Nilimwambia nilikuwa napita tu.