Kinywa cha Mwenzako

Binadamu ni mwepesi wa kumhukumu mwenzake kwa jambo ambalo yeye mwenyewe hajalionja. Nayasema haya si kwa sababu niliyasoma mahali, bali kwa kuwa niliyatenda, tena kwa mama yangu mzazi.

Mama alikuwa akiishi nasi Mpanda. Alipovuka miaka sabini alianza kukaa na tonge mdomoni. Atatafuna, atatafuna, kisha atalitoa kwa siri na kulificha kando ya sahani. Muhogo wa kuchoma, alioupenda tangu utotoni, hakuugusa tena. Kila tonge la ugali alilisindikiza kwa funda la maji. Sisi tulitazama meno yake, tukayaona yapo. Basi tukakata shauri kuwa mama anadeka. Siku moja, mbele ya wajukuu zake, nilimwambia, "Mama, meno unayo, mbona unatusumbua?" Hakunijibu. Alinawa mikono, akaondoka mkekani.

Tangu siku ile akawa anakula peke yake, jikoni.

Tulikosea wapi? Tulidhani kutafuna ni kazi ya meno peke yake. Meno husaga tu. Mate ndiyo yanayokilowanisha chakula, yakakikusanya kiwe donge moja laini, yakakitelezesha hadi kooni. Mate hayohayo huanza kuuvunja wanga wa ugali tungali tunatafuna, na bila unyevu ulimi hauonji ladha sawasawa. Mtu mzima mwenye afya hutoa kiasi cha nusu lita hadi lita moja na nusu ya mate kwa siku, wala hakuna anayeyashukuru. Usione vyaelea, vimeundwa.

Mkazi wa Katavi hana haja ya kwenda mbali kulielewa jambo hili. Katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi, kiangazi kikikolea, mto Katuma hupungua hata kubaki madimbwi ya tope, na viboko husongamana humo mgongo kwa mgongo. Viboko ni walewale. Kilichopungua ni maji. Ndivyo kilivyokuwa kinywa cha mama. Meno yalikuwepo, unyevu haukuwepo.

Aliyeligundua hilo ni daktari mmoja aliyekaa naye akamuuliza kwa upole. Mama alikuwa akitumia vidonge vya shinikizo la damu, na baadhi ya dawa hizo hukausha kinywa. Kisukari nacho huweza kufanya hivyo. Daktari alimbadilishia dawa, akatuonya kuwa mgonjwa asiache vidonge kwa uamuzi wake mwenyewe. Alisema pia kwamba kinywa kikavu huozesha meno upesi. Kumbe tungechelewa, hata hayo meno tuliyomsimanga nayo yangeoza! Nyumbani tukaongeza mchuzi na mlenda, na kikombe cha maji kikawa hakimbanduki.

Wapo watakaosema kwamba asiyejua hana hatia. Mimi nakataa kujificha humo. Kutojua si kosa. Kosa ni kutouliza. Kwa miezi kadhaa nilikuwa na mdomo wa kulaumu, nikakosa mdomo wa kuuliza. Nilikipima kinywa cha mama kwa mate yangu mwenyewe, na kwa kuwa yangu yalikuwa tele, nikaona shida yake ni uongo.

Nilipomwomba radhi, mama alicheka kidogo. "Mwanangu," aliniambia, "wewe ulipokuwa huna meno, mimi nilikutafunia." Nikanyamaza. Chakula changu cha kwanza hapa duniani kililowanishwa kwa mate yake.

Jioni ile alirudi mkekani. Nawe msomaji, ukimwona mzee wako anasukuma sahani, usianze na lawama. Muulize kwanza kinywa chake kikoje.