Haki Iliyonyamaziwa

Ndugu msomaji, tuseme mtu wa Micheweni amepasua mwamba kwa taabu akapata kisima. Majirani wanachota, naye anawaona na kunyamaza. Wanajenga nyumba kando yake na kulea watoto. Baada ya miaka saba anasimama, adai bei ya kila ndoo. Kisima ni chake bila shaka. Je, dai lake ni la haki?

Jambo mfano wa hili limekwisha tokea duniani. Mwaka 1984 Terry Welch wa Marekani alieleza katika jarida la wataalamu njia ya kuzibana habari za kompyuta zichukue nafasi ndogo. Makala yake haikutaja kwamba hataza, yaani haki ya mvumbuzi ya kuzuia wengine wasitumie uvumbuzi wake bila idhini, ilikwisha ombwa. Ilitolewa 1985, baadaye ikawa mali ya kampuni ya Unisys. Mwaka 1987 kampuni ya CompuServe iliitumia njia hiyo katika mtindo wa kuhifadhi picha uitwao GIF, ukaenea kote. Mwishoni mwa 1994 ndipo watengenezaji wa programu walipotangaziwa kulipa. Unisys walieleza kwamba hawakujua mapema.

Mvumbuzi ametoa jasho. Kumpunja ni dhuluma. Lakini Kurani Tukufu, ikikataza kuliana mali kwa batili, yaruhusu biashara ya kuridhiana (4:29). Asiyeambiwa bei ataridhiaje? Kwa hiyo pia twaamrishwa kuandika madeni (2:282), shaka isije ikazaa ugomvi.

Wanasheria wa Dola ya Uthmaniya, katika Mejelle ya karne ya 19, waliweka muda ambao ukipita kadhi haisikilizi kesi. Hata hivyo walikiri kwamba haki yenyewe haifi kwa kupita miaka. Basi mlango wa mahakama waweza kufungwa, wa dhamiri ukabaki wazi, kwa mdai na kwa mdaiwa.

Asiyejua hana lawama ya kunyamaza. Akijua, na aseme siku ile ile, adai ya kesho, aiache ya jana. Ama aliyejua akangoja nyumba zikizunguke kisima, huyo hauzi maji tena. Anauza shida za jirani zake.

Nasi tukiambiwa, tulipe au tuchimbe kingine. Ndivyo walivyofanya waliounda mtindo wa PNG, usio na malipo, kabla hataza ile haijakwisha Marekani mwaka 2003.

Mwenyezi Mungu atujaalie kusema haki kwa wakati wake. Amin.