Kutokeza Katika Kundi

Maneno yana ukoo wake kama watu walivyo na ukoo wao. Leo twataka kulitazama neno moja la Kiingereza, nalo ni egregious.

Neno hili asili yake ni Kilatini, egregius. Ndani yake limo neno grex, yaani kundi, kama kundi la kondoo. Basi egregius ni yeye atokezaye katika kundi, aliye bora kuliko wenziwe. Waitalia hata leo huandika Egregio mwanzo wa barua ya heshima. Waingereza nao walipolipokea katika karne ya 16, walilitumia kumsifu mtu mashuhuri. Lakini katika karne iyo hiyo wengine walilisema kwa ubaya, na ubaya ukaishinda sifa. Siku hizi kosa likiitwa egregious, maana yake ni kosa baya mno, lililo wazi mbele ya watu wote.

Je, ni vibaya mtu kutokeza? La, sivyo. Mungu hakutugawia vipawa vilivyo sawasawa. Aliyepewa sauti asinyamaze, na aliyepewa akili asiifukie. Tena mtu atasema, Mchungaji hana budi kulitangulia kundi. Ni kweli. Lakini akitangulia hata kondoo wasimwone tena, hawaongozi. Amepotea peke yake.

Mwaka 1520 Martin Luther aliwaandikia wakuu wa Wajerumani, akafundisha ya kuwa Wakristo wote ni wa daraja moja kwa ubatizo wao. Wanalotofautiana ni kazi tu. Basi kipawa ni kazi tuliyopewa kwa ajili ya wengine, wala si kiti cha kuwakalia juu.

Katika mzizi ule ule wa grex limetoka neno jingine, congregation, ambalo Waingereza huliitia usharika; maana yake ni kukusanywa kundini. Ndugu wawili wa mama mmoja: huyu amtoa mtu katika kundi, na yule amrudisha.

Basi, tuliosifiwa na kupewa vyeo kanisani, tujipime hivi: tangu tulipoheshimiwa, je, ndugu aliye mdogo kwetu ameona njia rahisi zaidi ya kutufikia, au ngumu zaidi? Ikiwa ni ngumu, turudi upesi kundini, sifa yetu isije ikageuka kama lilivyogeuka neno lile.