Kabla Hujaigusa Hedi

Vuta hiyo rimu ukae, mjukuu wangu. Jana nilikusimamisha mbele ya wenzako na mbele ya mwenye gari, ukanuna mpaka jioni. Sikukuonea. Ulishashika bomba, unataka kulegeza bolti za hedi ya ile Corolla 110, na kilichokufa ni kamshafti. Injini ya 5A kamshafti zake zimelala juu kabisa. Ukitoa mfuniko wa tapeti unazitazama usoni. Kushusha hedi ili utoe kamshafti ni kung'oa ukuta ili ubadilishe bati.

Halafu hesabu gharama. Umwage maji ya rejeta, ufungue manifoldi zote mbili, ununue gasketi, hedi ipelekwe kwa mchongaji akaipime kama imepinda. Ikienda huko hairudi bila kuchongwa, maana naye anataka kula. Aliyelileta ni dereva teksi. Gari likikaa siku tatu juu ya mawe, bosi wake bado anadai hesabu. Najua vijana wa siku hizi mnasema kazi kubwa ndiyo yenye hela. Wanatuita gereji bubu, lakini neno la mteja aliyekamuliwa hapa Buguruni linafika Tabata kabla yako.

Sasa sikiliza, hapa ndipo penye kazi. Weka pistoni ya kwanza juu, alama zikae sawa. Tia alama ya chokaa kwenye mkanda na puli, legeza tensiona, vua mkanda, kisha ufunge kwa uzi usije ukaruka meno kule chini kwenye kranki. Ziba tundu zote kwa tambara. Bolti ikitumbukia ndani, utakumbuka nilivyosema.

Kamshafti moja inavutwa na mkanda, na hiyo ndiyo inamzungusha mwenzake kwa meno. Gia ya huyo mwenzake ukiitazama haraka utadhani ni moja. Ni mbili, zimebanana na springi katikati, ili meno yasipige kelele. Kuna tundu dogo pale. Kabla hujalegeza chochote, tia bolti ya milimita 6, urefu milimita 16 hadi 20, uzifunge pamoja. Usipofanya hivyo, springi inajiachia, na kuirudisha ni vita.

Kisha vile vikofia vinavyoishika kamshafti. Kila kimoja kina namba na mshale. I ni upande wa kuingiza hewa, E ni wa ekzosi, mshale unatazama mbele kwenye mkanda. Vilitobolewa kiwandani pamoja na hedi yake, kwa hiyo hakuna cha kuazima kwenye injini nyingine wala kubadilishana nafasi. Legeza kuanzia pembeni kuja katikati, kidogo kidogo, mizunguko kadhaa. Kamshafti inyanyuke sawa, kama mtu anayebeba sinia la chai. Ikiinuka upande mmoja, usiichokonoe kwa bisibisi. Kaza kikofia cha katikati, anza upya.

Nakwambia kwa sababu mimi nilipasua. Ilikuwa masika, maji yamejaa uwanjani mpaka kifundoni, mteja ananipigia honi. Nikafungua upande mmoja wote kwanza. Valvu zilizokuwa zimebanwa zikaisukuma kamshafti kwa upande mwingine, nikasikia mlio mdogo tu, kama kuvunja biskuti. Ukingo wa hedi unaozuia kamshafti isitembee mbele na nyuma ukawa umemeguka. Ni alumini ile, na nafasi yake ni nyembamba kuliko unavyodhani. Nililipa hedi ya mtumba kwa miezi mitano, na mke wangu hakuniuliza kwa nini tunakula mchicha kila siku. Alikuwa anajua.

Kurudisha, kaza kutoka katikati kwenda pembeni. Nyutoni-mita 13 tu. Nati ya tairi la gari hilohilo inakazwa 103, sasa jipime mkono wako uliozoea matairi. Kaazime spana ya toki, usione aibu. Ukimaliza pima nafasi za valvu injini ikiwa baridi. Za kuingiza hewa ziwe kati ya milimita 0.15 na 0.25. Zile pesa za chuma zilizokaa juu ya tapeti kila moja irudi kwake. Chukua kadibodi, toboa, andika namba.

Lakini usinielewe vibaya ukaenda kutangaza kwamba babu amekataza kushusha hedi. Kamshafti hii haina bushi. Inazunguka juu ya alumini yenyewe. Pitisha ukucha pale inapokaa. Ukucha ukikwama kwenye mikwaruzo, hedi imeumia, na kamshafti mpya utakayoibeba kutoka Gerezani itakufa mapema kama ya kwanza. Hapo mwite mwenye gari aone kwa macho yake, umwambie bei kabla ya kufungua. Magari mengine ni hadithi nyingine. Land Cruiser za zamani za 2F kamshafti imo ndani ya bloku, unaivutia mbele baada ya kutoa rejeta.

Na jambo ambalo hukuliuliza jana: imekufa kwa nini? Chungulia chini ya mfuniko. Ukikuta tope jeusi kama uji wa ulezi ulioganda, oili haikubadilishwa, na chujio la kule kwenye sampo limeziba. Tapeti ililia tak-tak-tak wiki nyingi, dereva akaongeza sauti ya redio. Fungua sampo uoshe, la sivyo unauza kamshafti ya pili.

VETA wanapima mafundi waliojifunza gerejini kama wewe na kuwapa cheti. Nataka uende, ila watakuuliza haya haya.

Ukishafunga, usikimbilie stata. Zungusha kranki kwa mkono mizunguko miwili kamili. Kamshafti itakuwa imezunguka mmoja. Ikigoma mahali, acha, rudi kwenye alama.

Mwenye gari anakuja saa nne. Ile bolti ya milimita 6 imo kwenye kopo la maziwa, chini ya benchi. Ninayo hiyo moja tu.