Mama, Ashiki na Biashara: Uhakiki wa Taswira ya Mwili katika Matangazo Yanayowalenga Akina Mama

Mnamo mwaka 2013 kampuni ya Kraft ya Marekani ilitangaza sosi yake ya saladi, Zesty Italian, kwa picha iliyotokea katika jarida la People. Katika picha hiyo mwanamitindo wa kiume, Anderson Davis, amejilaza uchi juu ya kitambaa cha mandari cha mirabaraba, na ncha ya kitambaa hicho ndiyo pekee inayomsitiri. Kundi la One Million Moms, ambalo ni tawi la jumuiya ya Kikristo ya American Family Association, lilikuja juu. Hoja yake ilikuwa kwamba akina mama ndio wanunuzi wa chakula cha nyumbani, na kwamba kampuni imewatusi wateja wale wale inaowahitaji. Watetezi wa tangazo walisema kuwa huo ni mzaha tu. Mzozo huo ulikuwa mfupi, na ungeweza kuachwa ujifie, lau kama usingeibua swali ambalo fasihi ya Kiswahili imelishughulikia kwa muda mrefu. Je, mama anaweza kuhutubiwa kama mtu mwenye ashiki? Na ikiwa anaweza, ni nani mwenye haki ya kumhutubia hivyo, na mbele ya nani?

Makala haya yanadai kwamba kosa la matangazo ya aina hii haliko katika uchi, wala katika kuamsha hamu. Liko katika kumgawa mama sehemu mbili ambazo haziruhusiwi kukutana. Aidha, yanadai kuwa wapinzani wa matangazo hayo, kwa kiasi kikubwa, wameukubali mgawanyo huo huo, na ndiyo sababu upinzani wao hauna makali.

Inafaa kuanza na picha yenyewe. Roland Barthes, katika insha yake ya mwaka 1964 kuhusu balagha ya picha, alichambua tangazo la tambi za Panzani na kuonyesha jinsi nyanya, pilipili na rangi zake zinavyozalisha 'Uitaliano' ambao Mwitaliano mwenyewe huenda asiutambue. Sosi ya Kraft nayo yajiita ya Kitaliano, ila hapa Uitaliano umehamishwa kutoka kwenye mboga na kutiwa katika mwili wa mwanamume. Kinachouzwa ni siki na mafuta. Kinachoonyeshwa ni mapumziko. Kitambaa kimekwisha kutandikwa, mtu amejinyoosha, na hakuna anayekatakata vitunguu wala anayeosha vyombo. John Berger alidai mwaka 1972 kwamba tangazo humwibia mwanamke ile hali ya kuridhika na nafsi yake, kisha likamuuzia tena kwa bei ya bidhaa. Hoja hiyo ni ya msingi, lakini yahitaji kurekebishwa kidogo. Mama anayeitazama picha ya Kraft haambiwi kuwa yeye si mzuri. Hata hayumo pichani. Anachoonyeshwa kama ndoto ni muda ambao hana, na muda huo umepewa sura ya mwili wa mwanamume.

Jambo hili linadhihirika zaidi katika tangazo la sekunde 30 la Mr. Clean, sabuni ya Procter & Gamble, lililoonyeshwa Februari 2017 wakati wa Super Bowl, yaani fainali ya futiboli ya Kimarekani. Mwanamke yumo nyumbani mwake. Yule bwana mwenye kipara, ambaye amekuwa nembo ya sabuni hiyo tangu mwaka 1958, anatokea, anasugua na kupiga deki huku akicheza kwa madaha, na mwanamke anaduwaa kwa hamu. Mwishoni bwana huyo anageuka kuwa mume wa nyumba, mtu wa umbo la kawaida, ambaye ndiye aliyekuwa akisafisha wakati wote huo. Naye mke anamrukia. Kichekesho hicho ni kizuri, na mhakiki asiyecheka hana sababu ya kujivunia. Hata hivyo, yafaa kuuliza kinachochekesha ni nini. Ni kwamba mume amepiga deki. Lau hilo lingekuwa jambo la kila siku, tangazo lisingekuwa na mzaha wowote. Lalamiko la mwanamke kuhusu mgawanyo wa kazi, ambalo ni lalamiko la haki, limevishwa vazi la ashiki ili lisisikike kuwa lalamiko.

Katika matangazo yote mawili mtoto haonekani. Kutokuwapo kwake si jambo la kubahatisha. Mama anapohutubiwa kama mwenye hamu, mtoto huondolewa. Na mtoto anaporejeshwa, hamu huondolewa. Upande wa pili wa biashara hii, yaani matangazo ya nepi, ya poda na ya maziwa ya unga, una mama mwingine kabisa: amevaa nguo nyepesi, mwanga wa asubuhi unampiga usoni, na mwili wake ni kitanda cha mtoto na si zaidi. Nguvu ya taswira hiyo imetambuliwa hata na sheria. Kanuni za Shirika la Afya Duniani za mwaka 1981 zinakataza vibandiko vya maziwa ya watoto wachanga visiwe na picha za watoto, wala picha au maneno yanayoyatukuza maziwa hayo. Na Kenya ilitunga sheria yake kuhusu bidhaa za badala ya maziwa ya mama mwaka 2012. Waliotunga kanuni hizo, bila ya kujiita wahakiki, walikiri kwamba picha ni hoja, na kwamba hoja yaweza kudhuru hata pale isiposema neno. Taswira ya mama mtakatifu, basi, si salama kuliko ile ya mama mwenye hamu.

Ni katika muktadha huu ambapo hoja ya One Million Moms inapaswa kupimwa. Kundi hilo lilizungumza kwa niaba ya mama, lakini mtu liliyemwogopea hasa ni mtoto ambaye huenda akaiona picha. Kwa maneno mengine, lilikubali kuwa pale alipo mtoto, ashiki haina mahali. Mtangazaji anaamini hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba yeye amemtoa mtoto chumbani, nalo kundi linataka kumtoa mwanamume. Mama mzima, mwenye mtoto na mwenye hamu kwa wakati mmoja, hana anayemtetea.

Mama huyo, hata hivyo, anajulikana vyema katika fasihi ya Kiswahili. Mwana Kupona binti Mshamu alipotunga utendi wake mwaka 1858 alikuwa mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, tena mgonjwa. Hakuishi miaka mingi baada ya hapo. Msikilizaji wake ni mwanawe wa kike, Mwana Hashima. Pamoja na mafunzo ya dini na adabu, mama huyu anamfundisha binti yake kuhusu marashi na dalia, hina, wanja na pete, na namna ya kumpokea na kumtuliza mume. Utendi huu umelaumiwa mara nyingi kwa kumfunza mwanamke utiifu uliopita kiasi, na lawama hiyo haiwezi kupuuzwa. Wengine, akiwamo Ann Biersteker mwaka 1991, wameonyesha kuwa maneno yake yanaweza kusomwa kwa maana pana kuliko hiyo. Mjadala huo si wa makala haya. Linalohusu hapa ni nafasi ya msemaji. Mama anazungumzia mapambo ya mwili na furaha ya unyumba mbele ya mtoto wake, kwa kuwa ni mama yake. Umama haumzuii kusema. Ndio unaompa idhini.

Msomaji makini atapinga. Atakumbusha kuwa katika mwambao wote mama hakumfundisha binti yake mambo ya chumbani. Kazi hiyo ilikuwa ya somo au kungwi, na kulikuwa na sababu: heshima baina ya mzazi na mwana. Hata Mwana Kupona anaishia kwenye harufu ya marashi na mlango wa chumba. Ya ndani hakuyagusa. Je, huo nao si mgawanyo? Ni mgawanyo, ila ni mgawanyo wa usemi. Hakuna nafsi inayokatwa. Mwanamke yule yule aliyenyamaza mbele ya binti yake aliweza kuwa somo wa binti ya jirani, na watu wote wawili walilijua hilo. Kilichogawanywa ni nani aseme nini, wapi na kwa nani. Stara, kwa maana hii, haikuwa kukana kwamba mama ana mwili. Ilikuwa njia ya kuamua ni nani wa kuuzungumzia.

Kanga yatoa ushahidi wa kimaada wa jambo hilo. Doti ile ile yaweza kufungwa chumbani kwa maneno ya mahaba, na kesho yake kipande kimoja kikawa mbeleko ya mtoto. Hakuna anayeona kuwa nguo imejipinga. Wala haifai kudhani kuwa kanga imetakasika kwa kuwa haina uhusiano na biashara. Kanga ni bidhaa, na duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lenye alama ya 'Mali ya Abdulla', limejenga jina kwa kuiuza. Lakini mwuza kanga anauza maneno, kisha anajitoa. Mwanamke ndiye anayeamua kuyavaa, amvalie nani, na kama ni fumbo au si fumbo. Tangazo halijitoi. Linasema, linamchagulia mama maana ya hamu yake, na kumpa chupa ya sosi kama jibu.

Kuna hoja nyingine inayostahili kusikilizwa. Tangu Laura Mulvey alipochapisha insha yake ya mwaka 1975 kuhusu jicho la kiume katika filamu, wahakiki wamelalamika kuwa mwanamke hutazamwa tu. Je, picha ya Kraft haimpi mama jicho la kutazamia? Yawezekana kwamba wako waliofurahi, na furaha yao si dhambi. Lakini jicho hilo limeazimwa. Mama anaruhusiwa kutazama kwa muda wa ukurasa mmoja, ilimradi atazame akiwa njiani kwenda dukani, na akirudi ashike kisu cha jikoni. Alichopewa Mwana Hashima na mama yake ni kidogo kwa vipimo vya leo, na chenye masharti mazito. Lakini alipewa na mtu aliyemjua kwa jina, ambaye hakuwa na cha kumuuzia, na ambaye naye aliwahi kujipaka dalia hiyo hiyo.

Mandari ya Kraft haina mtu kama huyo. Kitambaa kimetandikwa, na tangazo halionyeshi ni nani atakayekikung'uta, akikunje na kukifua.